Aldebaran leo usiku
Wadau, mawingu yakituachia leo tunaangalia Aldebaran, ile nyota jitu ya rangi ya chungwa. Kuipata fasta shika zile nyota 3 zilizopangana mstari za mkanda wa Orioni (kundinyota la mwindaji), nyoosha mstari kuelekea Kilimia (kile kikundi cha vinyota vilivyobanana, Pleiades), hiyo nyekundu-nyekundu utakayokutana nayo njiani ndo yenyewe. Jina ni la Kiarabu, al-Dabaran, yaani mfuasi, maana inachomoza nyuma ya Kilimia na kuifuata usiku kucha kama mtu anayedai hela yake 😂. Iko kama miaka ya nuru 65 hivi, upana wake zaidi ya mara 40 ya Jua. Mwenye binokula aje nayo, vile vinyota vya kundi la Hyades vinavyoizunguka ni vitamu sana, ingawa si wenzake kabisa, viko mbali zaidi ya mara 2. Na mwanga wa simu punguzeni jamani