Kufuli ulilolipaka mafuta: barua kwa mdogo wangu wa Tukuyu

Mdogo wangu mpendwa,

Ugonile. Huku Iringa baridi ya mwezi wa saba imetukaba. Watoto wanaingia darasani na sweta mbili mbili, na najua kwenu Tukuyu ni baridi hiyo hiyo na mvua juu yake. Ulinikubalia niandike barua hii mahali ambapo wengine wataisoma, mradi nisitaje jina lako. Sitalitaja. Naandika hadharani kwa sababu niliposimulia kidogo habari hii ya sanduku la marehemu baba, ambalo kila siku unaahirisha kulifungua, katika chumba cha walimu, wenzangu walinifuata mmoja mmoja baadaye, pembeni, na kila mmoja ana sanduku lake.

Nianze na Desemba. Nilifika jioni, umeme umekatika, mama akanituma chumbani kwa baba nikachukue blanketi. Nikamulika kwa simu. Lile sanduku la bati lilikuwa pale pale chini ya kitanda, limewekewa tofali mbili lisilale kwenye unyevu. Nikainama, nikashika kufuli. Vidole vikatoka na mafuta.

Unajua nyumba ya kwetu ilivyo. Bawaba zote zina kutu, misumari ya ukutani ina kutu, hata vijiko vya mama. Kufuli lile linang'aa. Nikajua ni wewe. Miaka 3 hujalifungua, lakini kila baada ya siku kadhaa unaingia na kitambaa chako, unalipaka mafuta lisishike kutu, unatoka.

Nilikaa kitandani kwa baba muda mrefu, blanketi mapajani. Nilikuwa nimekuja na maneno makali kwa ajili yako, nimeyapanga tangu Makambako. Yaliisha palepale. Mtu asiyejali hapaki kufuli mafuta.

Kwenye kikao cha ukoo, siku ya pili yake, baba mdogo alisema mbele ya watu wote kwamba wewe ni mvivu, na kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilikuwepo na sikukutetea. Naomba unisamehe kwa hilo. Mvivu gani anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakamua ng'ombe, anafikisha maziwa kituoni kabla ukungu haujainuka, kisha anachuma chai mpaka saa saba mchana? Kazi zote unafanya isipokuwa moja. Hilo peke yake lilitosha kutuonyesha kwamba tatizo haliko mikononi mwako. Na methali ile ni kweli, matumbo yanaumia, nani asiyejua. Ila haikwambii mtu anangojea nini.

Nataka nikwambie jambo langu ambalo sikuwahi kukwambia. Nilipokuwa nasoma uzamili, mlijua tu kwamba "dada anamalizia utafiti". Kwa miezi 14 sikuandika hata mstari. Nilikuwa narudi kutoka shuleni, nafungua kompyuta, naitazama sura ya pili, na dakika mbili haziishi tumbo limekaza. Hapo hapo nakumbuka mapazia hayajafuliwa. Naenda kufua. Nikianza kufua tumbo linalegea, napumua vizuri, najiona nimefanya kazi ya maana. Usiku nikilala nakumbuka sura ya pili, moyo unaenda mbio. Kesho yake tena.

Nilijiita mvivu mwaka mzima. Halafu siku moja nikaamua kutazama ni nini hasa nakikimbia, na nikakikuta kimeandikwa. Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa ameandika pembeni mwa ukurasa wa tatu, kwa wino mwekundu: "Una uhakika unastahili kuwa hapa?" Maneno matano. Kila nilipofungua lile faili sikuona sura ya pili, niliona swali hilo, na niliogopa kwamba jibu ni hapana. Nikiwa sijaandika, jibu lilikuwa bado halijatoka. Ndiyo maana sikuandika.

Tangu hapo nimesoma mengi juu ya kuahirisha mambo. Watafiti wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba kiini cha kuahirisha ni jinsi mtu anavyoshughulika na hisia zake. Kazi fulani ikiguswa inaamsha hofu, aibu, huzuni au kuchoshwa, na mtu anaiacha ili apate nafuu ya wakati huo. Nafuu anaipata kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Akili inajifunza kwamba ukiliacha hili unapumua, kwa hiyo kesho italikimbia mapema zaidi. Kuna utafiti wa zamani kidogo, wa Dianne Tice na Roy Baumeister, uliotoka mwaka 1997, waliofuatilia wanafunzi wa chuo kwa muhula mzima. Mwanzoni wale wanaoahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao, hata kuugua waliugua kidogo. Mwishoni mwa muhula mambo yaligeuka: msongo wao ukawapita wenzao, wakaugua zaidi, na alama zao zikawa chini. Niliposoma hivyo nikafikiria mapazia yangu. Nikafikiria kitambaa chako.

Sasa wewe. Nimekaa na jambo hili tangu Desemba na nadhani najua kilichomo ndani ya sanduku, zaidi ya hati ya shamba na kitabu cha benki. Mara ya mwisho kufuli lile kufungwa, alilifunga baba. Ukilifungua wewe, mkono wa mwisho juu yake hautakuwa tena wa kwake. Utakuta mwandiko wake, ule wa herufi zilizolala, na stakabadhi alizokunja mara nne. Kulifungua ni kukubali kwamba harudi kulifungua mwenyewe. Hiyo si kazi ya karatasi, mdogo wangu, ni msiba, na wewe hukupata muda wa kulia. Ulikuwa unapokea wageni, unatafuta turubai, unahesabu michango.

Lipo na la pili, ambalo uliniambia mara moja tu, kwenye daladala tukitoka Uyole, ukiwa umegeukia dirishani. Baba alikuwa amelazwa, akakuomba umpelekee sanduku lake wodini, anataka kukuonyesha kitu. Ukamjibu, "Kesho nitakuletea, baba." Alfajiri yake akafariki.

Ulisema hivyo ukanyamaza mpaka Kiwira. Mimi nilishindwa kusema lolote, na nimejuta kunyamaza kwangu. Sasa naandika nilichopaswa kusema siku ile. Ulikuwa hujalala usiku mbili. Mvua ilikuwa inanyesha, magari ya kupanda Mbeya yameisha. Daktari alitwambia sote kwamba anaendelea vizuri. Hakuna hata mmoja wetu ambaye asingesema kesho. Na baba alikubali, uliniambia mwenyewe kwamba alisema sawa, nenda kapumzike. Neno lake la mwisho kwako lilikuwa kukuruhusu upumzike.

Nadhani tangu siku hiyo kila ukiliangalia sanduku, linakuuliza kwa nini hukulipeleka. Na unachofanya ni kile kile nilichofanya mimi na wino mwekundu. Unajihukumu kwa kuchelewa, hukumu inauma, na ukitaka isiume unakaa mbali na sanduku. Ukishakaa mbali mwezi mwingine, una kosa jipya la kujihukumia. Watu wanadhani mtu anayeahirisha anahitaji kukaripiwa. Baba mdogo anadhani hivyo, na hana nia mbaya. Lakini mwaka 2010 Michael Wohl, Pychyl na mwenzao waliangalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Carleton huko Kanada, walioahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza. Waliojisamehe kwa kuchelewa kule, safari ya mtihani wa pili hawakuahirisha sana kama wale ambao hawakujisamehe. Mimi ni mwalimu wa miaka mingi, nimekaripia sana watoto kwa kuchelewesha kazi. Utafiti huo ulinifanya nibadili namna ninavyozungumza nao.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla ya karatasi yoyote. Nenda chumbani kwa baba, kaa, useme kwa sauti yako mwenyewe: "Niliahidi kesho, na kesho haikufika." Ukilia, lia. Nilipolitamka lile swali la wino mwekundu mbele ya rafiki yangu, sauti ilinikatika. Lakini jioni ile ile niliandika aya moja, na miezi 5 baadaye nikakabidhi utafiti. Na kama ukiona usingizi haurudi, chakula hakipiti, na kila kitu kimepoteza ladha hata ng'ombe wako, niambie bila kuficha. Inaweza kuwa sonona, nayo ina tiba. Tutapanda Mbeya hospitali pamoja kama tungepanda kwa homa.

Sitakuficha kwamba kuna haraka. Mama ameniambia jirani wa upande wa mto ameanza kusogeza mpaka, mgomba mmoja mmoja. Hela za baba zilizoko benki mama hawezi kuzigusa mpaka awepo msimamizi wa mirathi. Kinachotakiwa kuanzia si kikubwa: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wa kumpendekeza msimamizi, na kwenda nayo Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri. Ukishateuliwa una miezi 4 ya kurudisha orodha ya mali na madeni. Najua unaogopa pia kwamba baba wadogo watasema unaparamia urithi. Nimeongea na shangazi, atasimama kwenye kikao na kukupendekeza yeye mwenyewe, na neno lake ukoo mzima unaliheshimu. Hilo liache kwake.

Yote hayo yasikukae kichwani kwa pamoja. Peter Gollwitzer, mtafiti mwingine, ameonyesha kwamba mtu akifunga nia yake kwenye saa na mahali, "ikifika hivi nitafanya hivi", anatekeleza kuliko yule aliyeazimia tu. Basi tufunge.

Jumamosi ya wiki ijayo napandia basi Ipogolo alfajiri, nashuka Uyole, nachukua gari la Tukuyu. Ukimaliza kukamua jioni, ukishanawa mikono, tutaingia chumbani kwa baba, wewe na mimi na mama. Tutafungua kufuli. Tutatoa kitu kimoja tu, cheti cha kifo, kwa sababu mama anasema alikipenyeza kwenye upenyo wa mfuniko wiki ile ya msiba, kwa hiyo kitakuwa juu kabisa. Mengine yatabaki humo mpaka siku nyingine utakayopanga wewe. Ukitaka kuishia kwenye kufungua mfuniko na kuangalia, tutaishia hapo.

Ufunguo najua ulipo. Mama aliutoa kwenye koti la baba siku tuliyorudi kutoka hospitali, akautundika nyuma ya picha yao ya harusi. Usiutoe peke yako. Nisubiri nifike, tuutoe wote.

Dada yako,
Kihesa, Iringa