Juisi ya karela sio ya kila mtu, wajawazito waambiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu karela, ile mboga chungu yenye manundu, maana naona sasa hivi imegeuka dawa ya kila kitu. Huku kwetu Tanga ukipita sokoni asubuhi unawakuta vijana na blenda zao wanasaga karela mbichi na tangawizi na ndimu, wanakwambia inashusha sukari, inasafisha damu, inakata kitambi, inaondoa chunusi, na watu tunakunywa huku tumefumba macho kwa ule uchungu. Kwenye magrupu ya wasapu ndo usiseme.

Mimi karela siipingi, nimekua nayo. Bibi alikuwa anayakwangua yale manundu, anaipasua, anatoa mbegu zote, anaisugua chumvi anaiacha kama nusu saa halafu anaikamua na kuikaanga na vitunguu vingi na nyanya, ukila na wali unasahau kabisa kama ni chungu. Majirani zetu Wahindi ndio waliotuzoesha, hata jina ni lao. Na faida inazo kweli, gramu 100 za mbichi zina vitamini C kama miligramu 80 hivi, ina foleti, na sukari inashusha, hapo wauzaji hawadanganyi. Ila inashusha kidogo. Kule Thailand kuna utafiti ulitoka 2011, wagonjwa wa kisukari walipewa miligramu 2000 za unga wa karela kwa siku kwa wiki nne, ikasaidia lakini haikuifikia metformini, kile kidonge cha kisukari, ya miligramu 1000. Kwahiyo anayekwambia tupa vidonge unywe karela muogope sana.

Sasa kilichonifanya niandike ni mdogo wangu. Mimba ya miezi sita, kliniki wakamwambia ana kisukari cha mimba, akaanza na kupunguza wanga, haikutosha, akaanzishiwa sindano za insulini. Mtu akasikia sindano akaingiwa na huruma, akamwambia mwenzio usijitese, kunywa karela asubuhi kabla hujala kitu, na tena asagiwe na mbegu zake zote eti ndo nguvu ilipo. Hatukuambiwa. Siku ya nne asubuhi akaniita kwa sauti ndogo, namkuta jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki, tukapima na kile kimashine chake cha sukari ikasoma 2.8, yaani sukari imeshuka mno. Nilimnywesha maji ya sukari huku nalia, tukakimbia hospitali, na njiani anasema tumbo linambana. Nesi aliyetupokea swali lake la kwanza lilikuwa umekunywa nini leo dada? Mungu ambariki yule nesi maana sisi hata tusingefikiria kuitaja karela, tungesema hajanywa dawa yoyote, kwetu ile ni mboga tu.

Ndio akatueleza kwamba insulini inashusha, karela nayo inashusha, na tumbo halina kitu, vyote vinakutana mwilini kwa wakati mmoja. Halafu kuna jambo la pili ambalo mimi na umri wangu huu sikuwa nalijua, kwamba kwenye mbegu za karela kuna protini zinaitwa momokarini na panya wenye mimba waliopewa maabara waliharibu mimba. Kwa wanawake utafiti wa kutosha haupo, na nani atakubali kujaribiwa na mtoto tumboni, lakini kuna nchi ambako tangu zamani karela imetumika makusudi kutoa mimba. Hiyo peke yake inatosha mjamzito kukaa mbali nayo. Na hata asiye na mimba, mbegu zina kitu kinaitwa visini ambacho kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kinaweza kuzipasua chembe hizo, na upungufu huo ni wa kawaida kwenye sehemu za malaria kama huku kwetu pwani, wengi wanao na hawajijui.

Mdogo wangu alijifungua salama, mtoto wa kike, namshukuru Mungu kila siku.

Ombi langu kwako mhariri, kurasa za afya zikiandika faida za karela onyo la wajawazito liwekwe juu kabisa, sio mstari wa mwisho ambao msomaji ameshafunga gazeti. Manesi wa kliniki na nyie mkimuuliza mama anatumia dawa gani muulizeni na juisi anazokunywa, mtaje karela kwa jina, maana yeye haiiti dawa. Na nyie vijana wa blenda, riziki yenu siiombei mabaya, ila kwenye ule ubao mnaoandika bei ongezeni hapo chini: mjamzito usinywe, unayetumia dawa ya sukari muulize daktari kwanza.

Mama wa watatu,
Tanga