Anti, mikono inatetemeka kila nikikumbuka lile neno

Anti nisamehe naandika saa tisa usiku, usingizi umegoma tena. Ni ile sendofu ya mdogo wangu. Emsii anatambulisha ndugu, akafika kwangu akamuuliza bibi harusi huyu nani, mdogo wangu akasema kwenye maiki "huyu ndo dada wa nyumbani kwetu, katulea sana". Dada wa nyumbani! Anti unajua nani anaitwa hivyo, ni msichana wa kazi. Watu wakapiga makofi na mimi nikasimama nikapunga mkono. Mama yetu mmoja, baba tu ndo tofauti.

Wiki mbili sasa. Hata kama naosha vyombo, nikilikumbuka uso unachemka, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka mpaka juzi nusura nijimwagie mafuta ya vitumbua. Asubuhi taya zinauma, mume wangu anasema nasaga meno usiku. Tumbo ndo usiseme, chakula kinakaa tu hapa kifuani kinachoma. Nikajua vidonda vya tumbo, kufika zahanati presha ikasoma 162/100, mimi sijawahi kuwa na presha! Nesi akanikalisha nusu saa kapima tena 138/88, akaniuliza mama una hasira na nani, nikalia palepale. Akasema mtu akikasirika kuna vitezi viko juu ya figo vinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unapiga kwa nguvu, misuli inakaza, ini linaachia sukari, tumbo linapunguza kazi, yani mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Na ukiliwaza upya mwili nao unaanza upya, hata kama umelala kitandani kwako. Nirudi kupima wiki ijayo, nipunguze mawazo. Sasa nayapunguzaje? Nipigane na nani, nikimbilie wapi?

Sio kwamba nataka shukrani, sijawahi kumdai mtu. Ila ada yake fomu wani mpaka fomu foo imetoka kwenye vitumbua hivihivi, naamka saa kumi, na sijamsimanga hata siku moja. Halafu dada wa nyumbani.

Na usiniambie niongee naye. Kapiga mara 4 sijapokea, jina lake likitokea tu kwenye simu kifua kinabana. Meseji nimesoma moja, "dada sare yako umeshachukua?" hata pole hamna. Mama anasema nina hasira za karibu, mtoto hakuwa na maana hiyo. Labda kweli hakuwa nayo. Lakini kusema "dada yangu" kuna ugumu gani?

Harusi Jumamosi. Siendi, nimeshawaambia. Gauni limeshashonwa, limening'inia hapa mlangoni naliangalia. Nachouliza anti, nikienda wakanitambulisha tena vile, presha ikapanda nikaanguka mbele za watu itakuwaje? Au nimpigie kabla nimwambie siku ile aseme "huyu dada yangu wa damu", hivyo tu, sasa jambo kama hilo mtu analiomba kweli? Nijibu kabla ya Jumamosi tafadhali, jina langu usiliweke.