Barua ya wazi kwa Kocha Grady Sizemore: Chagua tisa, uwaache wacheze

Chicago, 8 Agosti 2024

Ndugu Kocha Sizemore,

Hongera, na pole. Kwetu Tanga mtu akikabidhiwa mzigo mzito hupewa maneno hayo yote mawili kwa pamoja, na leo hapa mjini simwoni aliyebebeshwa kukuzidi. Klabu imemwondoa Pedro Grifol na kukupa timu uishike hadi mwisho wa msimu, siku 6 tu tangu utimize miaka 42. Timu yetu ya besiboli, White Sox, imeshinda mechi 28 na kupoteza 89. Zimebaki 45, na hizo 45 ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Naishi Rogers Park, mwisho wa kaskazini wa treni ya Red Line. Siku ya mechi treni ikifika Addison, wenye jezi za Cubs, timu nyingine ya mji huu, wanashuka makundi kwa makundi, na mimi naendelea kusini hadi kituo cha Sox-35th, ulipo uwanja wetu wa 35th Street. Nimekuwa nikifanya safari hiyo tangu msimu wa 2004. Aliyenifundisha besiboli ni mzee mmoja niliyekuwa nafua naye mashuka ya hospitali zamu ya usiku, mzaliwa wa South Side. Alinipa penseli na daftari, akanionyesha jinsi ya kuandika mechi: jina la mpigaji, kituo alichofika, namna alivyotolewa. Tangu hapo sijawahi kutazama mechi bila daftari.

Kwa hiyo mechi 21 zile za kufungwa mfululizo, kuanzia 10 Julai hadi 5 Agosti, ninazo zote kwa mwandiko wangu. Ni sawa na rekodi mbaya kabisa ya American League, moja ya ligi kuu mbili za besiboli, ile ya Baltimore Orioles mwaka 1988. Juzi Jumanne, Jonathan Cannon aliporusha vipindi sita vizuri kule Oakland, Andrew Benintendi akapiga homurani, yaani mpira wa kuvuka ukuta, ikatupa mikimbio miwili, ndiyo pointi zetu, tukashinda 5 kwa 1, nilikaa jikoni peke yangu nikalia. Watoto walikuwa wamelala.

Nimerudia kurasa hizo 21 usiku wa leo. Sikutafuta makosa ya mtu. Nilikuwa nasoma safu ya majina upande wa kushoto tu, mpangilio wa wapigaji, yaani nani kati ya wale tisa anapiga wa kwanza, wa pili, hadi wa tisa. Majina yanapanda na kushuka. Kijana yuko wa sita leo, kesho wa nane, keshokutwa yuko benchi. Baadhi ya mabadiliko hayo yalitokana na majeruhi, na mengine na wachezaji waliouzwa mwisho wa Julai, akina Tommy Pham na Paul DeJong. Hayo hayana lawama. Lakini mengi yalikuwa ya kutafuta dawa, na kila usiku dawa ilibadilishwa kabla haijafika tumboni.

Nyumbani kwangu tumelibishania jambo hili wiki nzima. Mpwa wangu, anayesoma takwimu chuoni, anasema mpigaji bora wa timu awe wa pili, basi, mengine yajipange yenyewe. Mzee wangu wa zamani, sasa amestaafu, anasema kwenye simu kwamba timu inayozama haiachiwi watoto: weka wakongwe juu, wapate mikimbio ya mapema, vijana wajifunze huko chini pasipo na macho ya watu. Nawaheshimu wote wawili. Mpwa wangu ana hesabu, mzee ana miaka. Ila naona kila mmoja anajibu swali la timu nyingine.

Hesabu yenyewe ni hii, na wewe unaijua kuliko mimi. Kila mtu akishushwa nafasi moja kwenye mpangilio, katika msimu wa mechi 162 anapoteza takribani zamu 18 za kupiga. Katika mechi 45 ni zamu 5. Kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tisa, ni zamu 40. Kwa ushindi, zamu 40 hazibadilishi jambo kubwa. Hata ukiwapanga kwa namna iliyo bora kuliko zote duniani, timu hii haigeuki kuwa bingwa Septemba. Lakini kwa kijana wa miaka 24 anayejifunza kuuona mpira wa kupinda ukitoka mkononi mwa mrushaji mzuri, zamu 40 ni kama muhula mzima wa shule. Ndiyo maana nakuomba ubadilishe swali. Usiulize nani atatupatia ushindi wa kesho. Uliza nani anahitaji hizo zamu, kisha mpe, na usimnyang'anye.

Nasema hivi kwako kwa sababu maisha yako ya uchezaji yanalijibu vizuri kuliko mimi. Mwaka 2002 Montreal Expos walikutoa kwenda Cleveland, ukiwa bado kijana wa ligi ndogo, katika biashara iliyompeleka Bartolo Colón Montreal. Miaka minne baadaye, 2006, ulikuwa mpigaji wa kwanza wa Cleveland, ukaongoza American League kwa mikimbio 134 na kwa mapigo 53 ya vituo viwili. Ulicheza mechi zote 162 mwaka huo, na zote 162 mwaka uliofuata. Nilikuwa nakuogopa. Kila mlipokuja 35th Street niliandika jina lako juu kabisa hata kabla orodha haijatangazwa, maana nilijua liko pale. Nawe ulijua. Uliamka ukijua. Baadaye mwili ulikuibia miaka, magoti na mgongo, na hilo liliniuma ingawa hukuwa mchezaji wetu. Lakini hakuna aliyekuibia ile nafasi ulipokuwa unajifunza.

Sasa mtazame Miguel Vargas. Naye amekuja kwa biashara, siku chache tu zilizopita, kutoka Los Angeles ambako alipandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisimani. Ana miaka 24. Hajaanza vizuri hapa, na tayari nasikia watu treni nzima wakisema apumzishwe. Nakuomba usimpumzishe. Mweke wa tano, umwambie yeye na waandishi wa habari kwamba atakuwa wa tano mpaka msimu uishe, hata akikosa mara tatu katika kila zamu wiki nzima. Baba yake, Lázaro Vargas, alipata dhahabu ya Olimpiki akiwa na Cuba, 1992 na tena 1996. Kijana aliyekulia nyumba ile hahitaji kuambiwa besiboli ni nini. Anahitaji kuacha kuangalia ubaoni kila jioni kama jina lake lipo.

Klabu hii ina deni kwa Wacuba, niseme na hilo. Minnie Miñoso alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa White Sox, na zamu yake ya kwanza ya kupiga akiwa nasi, 1 Mei 1951, aliupeleka mpira nje ya ukuta. Sisi tuliotoka mbali tukaja kuanza maisha mji huu tunamhesabu kuwa wetu. José Contreras alikuwa wetu 2005, José Abreu alikuwa mchezaji bora wa ligi 2020. Luis Robert Mdogo bado tunaye, na hapo nakubaliana kabisa na mpwa wangu: Robert awe wa pili, kila siku. Mwaka jana alipiga homurani 38. Mwaka huu nyonga ilimweka nje karibu miezi miwili na bado hajarudi kuwa yule. Hata hivyo, mtu mwenye mkono kama ule akiwa wa nne kwenye timu isiyofika vituoni, mara nyingi kipindi cha kwanza kinaisha akiwa bado amesimama kwenye duara la kusubiri na gongo lake. Nimeyaandika hayo mara nyingi mno daftarini.

Nafasi ya kwanza ndiyo iliyotugombanisha zaidi. Nicky Lopez ni mchapakazi, mikono yake uwanjani ni safi, anavumilia mipira mibovu na kupewa kituo cha bure kuliko wengi wetu. Mzee anamtaka yeye. Mimi ningempa Brooks Baldwin, aliyepandishwa Julai hii. Anapiga kwa mikono yote miwili, kwa hiyo huhitaji kumwondoa kila mrushaji wa kushoto anapopangwa. Lopez ningemweka wa tisa, na wala si kumtupa, kwa sababu baada ya kipindi cha kwanza wa tisa anapiga kabla ya wa kwanza, akifika kituoni Baldwin na Robert wanamkuta pale. Benintendi wa tatu, mkono wa kushoto katikati ya mikono ya kulia. Andrew Vaughn wa nne. Vargas wa tano kama nilivyosema, kisha Gavin Sheets na Lenyn Sosa, na Korey Lee mdakaji awe wa nane. Siku Lee anapopumzisha magoti aingie mwenzake palepale pa nane, wengine wasiguswe.

Najua utakachojibiwa na wasaidizi wako: mpigaji wa mkono wa kulia huona vizuri zaidi mpira wa mrushaji wa kushoto, na wa kushoto kinyume chake, hivyo panga kwa kumtazama mrushaji wa siku hiyo. Ni kweli. Timu inayowania ubingwa ifanye hivyo bila kusita. Sisi kuwaficha vijana wetu mbali na warushaji wagumu kutatusaidia nini? Sosa ameitwa kutoka Charlotte, timu yetu ya ligi ndogo, na kurudishwa mara nyingi kiasi kwamba safari zake ni nyingi kuliko nafasi alizopewa. Akutane na wa kulia na wa kushoto, wote, mpaka Septemba iishe. Tukijua hawezi, tutajua kwa haki.

Nakumbuka 2005. Ninyi Cleveland mlikuwa nyuma yetu mkitukaribia kwenye msimamo, na mpaka wiki ya mwisho nilikuwa silali. Kocha wetu Ozzie Guillén alikuwa na Scott Podsednik wa kwanza, Tadahito Iguchi wa pili. Podsednik aliiba vituo 59 mwaka ule, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe. Iguchi, nyota aliyetoka Japani, aliacha mipira mizuri ipite ili mwenzake apate nafasi ya kuiba, akakubali takwimu zake ziumie. Hilo halijengwi kwa kubadilishana kila siku. Linajengwa na watu wawili wanaojua kwamba kesho watafuatana tena. Na Podsednik huyo, ambaye msimu mzima hakupiga homurani hata moja, ndiye aliyepiga ya kushinda mechi ya pili ya World Series, fainali ya besiboli, kipindi cha 9, mvua inanyesha. Fataki zikalipuka juu ya ubao, mzee akanikumbatia mpaka daftari likalowa. Ukurasa ule ninao, rangi ya jezi imeingia kwenye majina.

Kuhusu warushaji sina mengi. Garrett Crochet mmeanza kumpunguzia vipindi ili mkono wake usichoke, na mnafanya vema. Mashabiki wanaopiga kelele atumike zaidi hawanisemei mimi.

Lipo jambo moja ambalo naliogopa kuliko kufungwa. New York Mets wa 1962 walipoteza mechi 120, na tangu mwaka ule hakuna aliyefika hapo. Tukishinda 15 kati ya hizi 45 tutaishia vipigo 119. Tukishinda 14 tutakuwa sawa nao. Kuanzia kesho utaulizwa namba hiyo kila siku, asubuhi na usiku, na ikifika Septemba mtu atakuja ofisini kwako na wazo la kuwaweka vijana benchi na kuwasimamisha wakongwe wiki mbili ili tuikwepe aibu. Tafadhali mkatalie. Mimi ndiye nitakayecheka kwa uchungu na wenzangu wa Cubs kwenye treni, mimi ndiye mwanangu atakayeulizwa shuleni, nami nakuambia nitaibeba. Nilikuwa na miaka 12 Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, nikiwa Mkwakwani juu ya bega la mjomba, na nimeishi muda mrefu kutosha kuiona timu hiyo ikishuka daraja. Nilibaki shabiki wake. Vipigo 121 havitanifukuza 35th Street. Kitakachonifukuza ni kuja Aprili na kukuta hatumjui hata kijana mmoja kati ya hawa, kama anaweza au hawezi, kwa sababu hatukumwacha acheze.

Kesho Ijumaa unaanza na Cubs, nyumbani. Nimebadilishana zamu na mwenzangu kazini. Nitakuwa ngazi ya juu upande wa kituo cha kwanza, pamoja na mpwa wangu na mzee, ambaye amesema atakuja ingawa ngazi zinamsumbua. Nimeshapiga mistari kwenye ukurasa. Nafasi ya tano nimeandika Vargas kwa wino, na mechi ya mwisho, tarehe 29 Septemba kule Detroit, nataka niandike jina hilohilo mstari uleule.

Shabiki wako wa Rogers Park