Wake wa marais wa Marekani si mapambo ya Ikulu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu wake wa marais wa Marekani imenisikitisha. Mwanzo hadi mwisho ni magauni, mitindo ya nywele na karamu. Jacqueline Kennedy kapewa aya nne. Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, hakutajwa hata kwa jina.

Mke wa rais wa Marekani hachaguliwi, halipwi mshahara, na katiba ya nchi ile haimtaji. Kila anayeingia hujipangia kazi mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujua nafasi hii imebadilika vipi, tazama walioishika waliitumia kuficha nini na kufichua nini.

Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alipata kiharusi. Mkewe, Edith, ndiye aliyeamua nani aingie chumbani na karatasi gani zimfikie mgonjwa. Wananchi hawakuelezwa ukubwa wa ugonjwa. Simlaumu kwa kumsitiri mumewe, mke yeyote angefanya hivyo, lakini nchi nzima ilikuwa na haki ya kujua.

Eleanor Roosevelt, kuanzia 1933, aliita waandishi wa habari wa kike peke yao kwenye mikutano yake, hivyo gazeti lililotaka habari zake likalazimika kuwa na mwandishi mwanamke. Mlango ukaanza kufunguka.

Sasa Betty Ford. Tarehe 28 Septemba 1974, wiki saba tu tangu mumewe aapishwe, alikatwa titi la kulia kwa sababu ya saratani. Wakati huo ugonjwa huu ulisemwa kwa kunong'ona. Ikulu ingeweza kutoa taarifa ya mstari mmoja na kunyamaza. Yeye akakubali saratani itajwe kwa jina, na titi litajwe. Wanawake wakamiminika kupimwa. Mmoja wao, mke wa Nelson Rockefeller aliyekuwa ameteuliwa kuwa makamu wa rais, naye alikutwa na saratani wiki chache baadaye. Idadi ya wagonjwa wapya iliruka Marekani, si kwa kuwa ugonjwa ulienea, bali kwa kuwa uligunduliwa.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mama yangu alikuwa akifunga kanga juu ya kifua hata akiwa chumbani na sisi binti zake. Tukadhani ni haya ya utu uzima. Siku mkono ulipogoma kunyanyuka na dada akalazimika kumwogesha, ndipo tulipoona. Alikuwa amekaa nalo miezi minane, akijiambia ni jipu.

Baada ya Betty Ford, Rosalynn Carter alifungua ofisi yake katika jengo la mashariki la Ikulu, akahudhuria vikao vya baraza la mawaziri, na mwaka 1979 akaenda kwenye kamati ya Seneti kutetea wagonjwa wa akili, watu wengine waliofichwa vyumbani. Hillary Clinton alipokabidhiwa mpango wa bima ya afya mwaka 1993, wengi waliuliza nani kamchagua. Lilikuwa swali la haki, na kwa maoni yangu halijapata jibu hadi leo. Jill Biden yeye aliendelea kufundisha chuoni na kupokea mshahara wake wa ualimu, jambo ambalo hakuna aliyemtangulia aliyelifanya akiwa Ikulu.

Jengo lile la mashariki lilibomolewa Oktoba 2025 kupisha ukumbi wa karamu. Picha zake ziliniuma.

Mhariri, ipo picha ya Betty Ford hospitalini, mumewe kando yake, wakisoma ujumbe wa pole uliotiwa saini na maseneta wote 100. Mkirudi kwenye mada hii, tafadhali ichapeni hiyo, tena kubwa. Laiti mama angeiona kwenye kipande cha gazeti alichofungia vitumbua, huenda angetuita.

Msomaji wenu,
Tanga