Kwa kijana wa shati la drafti, Luthuli

Ndugu yangu uliyesimama mbele yangu Jumamosi kwenye foleni ya duka moja Luthuli Avenue, asante sana. Pesa za kadi mpya ya michoro, ile inayochora picha za gemu kwenye kompyuta, nilikuwa nazo mkononi, muuzaji keshafungua boksi. Ukaniuliza tu: ukishusha ubora wa picha ya gemu kutoka 1080 hadi 720, fremu (picha zinazopita kila sekunde) zinaongezeka? Sikuwa nimewahi kujaribu. Ukasema nikajaribu kwanza, pesa haziozi.

Nilijaribu usiku huohuo, huku Umoja. Fremu zilibaki 45 kwa sekunde, hazikusonga hata kidogo. Yaani kadi nimeipunguzia kazi na bado hakuna kilichobadilika: kumbe kadi yangu ya zamani ilikuwa inafanya kazi nusu tu, inaisubiri prosesa, ubongo wa kompyuta! Nikafungua kasha kama ulivyoniagiza: RAM, kumbukumbu ambayo prosesa inaitumia ikiwa kazini, ni kipande kimoja cha GB 8, kimekaa pekee kama mjane, na feni ya prosesa imebeba vumbi la mtaa mzima. Nimeipuliza, nikaongeza kipande cha pili kama kile ili prosesa iisome RAM kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Sasa napata 70 na kitu, kwa kadi ileile ya zamani.

Muuzaji nadhani hajakusamehe. Mimi nina deni lako la chai na mandazi. Nikikuona tena nitakushika shati.