Mandhari ya jukwaa yasibuniwe kwa kubahatisha

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenzangu wanaobuni mandhari ya jukwaa hapa Mombasa kwamba kupiga picha roshani za Mji wa Kale hakutoshi. Nyingi ya roshani hizo za mbao ni za mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye, kwa hivyo kuziweka katika mchezo unaohusu kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, 1696 hadi 1698, ni kumpotosha mtazamaji.

Kwa kipindi hicho ni afadhali kuanzia ndani ya ngome yenyewe, ambako imehifadhiwa michoro ya ukutani ya enzi za Wareno, yenye merikebu na sura za watu. Halafu mbunifu atazame dari za nyumba kongwe. Boriti za mikoko hazivuki upana wa takriban mita tatu, ndiyo maana vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, ilhali majukwaani tunaonyeshwa kumbi pana za harusi (na viti vya plastiki, Mungu atusamehe). Kuta nazo zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Zikichorwa juu ya kitambaa kinachopepea, haziaminiki hata kidogo.

Mpenzi wa maigizo,
Kibokoni, Mombasa